Mikono ya Dirishani

Siku hizi elimu ya afya inasomewa chuo kikuu. Vijana wanaikalia miaka, wanatoka na majoho na kofia zenye shada, na jina la kozi yenyewe ni refu. Ukianza kulitaja umeshika kikombe, unamaliza chai imepoa. Hakuna ubaya. Hata mgomba ulianza kama chipukizi. Lakini kabla ya majoho hayo, elimu hiyo iliwahi kupanda milima ya Bundali kwa miguu, imebebwa na mzee mmoja, na darasa lake lilikuwa dirisha la jikoni, dogo kiasi kwamba kuku mnene asingepita.

Mzee huyo alibatizwa Amoni Kibona, ila jina la Amoni lilibaki kanisani kama kiti cha mgeni. Jina lililotembea naye shambani, kilabuni na barabarani lilikuwa Sabuni.

Lilikuja hivi. Wakati wa Mjerumani, baba yake alimbebea mmisionari mzigo kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasa, akipanda na kushuka vilima ambavyo mbuzi mwenyewe huvifikiria mara mbili. Walipofika, mmisionari akamshukuru kwa mche wa sabuni. Mzee wa watu akaenda nao nyumbani, akakuta mkewe amejifungua. Mkunga akaukata kipande, akamwoshea mtoto. Basi mtoto akanukia! Majirani wakawa wanakuja si kumwona bali kumnusa. Hata bibi mmoja aliyekuwa amegombana na nyumba ile tangu mavuno ya nyuma alikuja, akanusa, akasamehe, akanusa tena, akaenda zake. Baba alipoulizwa mtoto anaitwa nani, hakuna jina lingine lililomjia kichwani. Na kwa kweli mtoto alibahatika. Wenzake wa rika lile wapo walioitwa Njaa na walioitwa Matatizo.

Jina hilo halikumsumbua mtu mpaka alipomwoza mwanawe Enoka.

Milimani kule, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wanachukiana. Wanaheshimiana mpaka wanakimbiana. Baba mkwe akitokea njiani, mkamwana anaingia kwenye migomba. Baba mkwe akikaribia nyumba, anakohoa kutoka mbali ili watu wajipange. Na si baba mkwe mmoja tu: ndugu zake na wenzake wa rika wote ni wakwe vilevile, hivyo mwanamke kijana akitoka kuteka maji hupita kichakani badala ya njiani. Tena, kubwa kuliko yote, jina la baba mkwe halitamkwi. Lisitamkwe kwa hasira, lisitamkwe kwa utani, lisitamkwe hata kama ni jina la kitu kingine.

Sasa mkweo akiwa Sabuni utanunuaje sabuni?

Tupokigwe, mke wa Enoka, binti mchangamfu aliyesoma kidogo shule ya misheni, alikaa ndani ya ndoa juma la kwanza akifulia majivu. Juma la pili akabuni neno. Akakiita kitu kile "mtelezi," maana kinateleza mkononi. Wanawake wenzake wote walioolewa katika rika lile wakalishika neno kama kuni kavu zinavyoshika moto. Mtelezi wa kufulia, mtelezi wa kuogea, niazime mtelezi. Ikapita miaka, mpaka muuza duka kule Itumba akiulizwa mtelezi alikuwa ananyoosha mkono rafuni bila kufikiri. Hakuna aliyekumbuka kwamba lile ni neno la kukwepa. Lilikuwa neno tu.

Enoka naye alikwisha kwenda Kopabelti kuchimba shaba, kama vijana wote. Alimwacha Tupokigwe na mtoto mchanga, na mtoto yule hakuota meno. Kuhara kulimchukua katika masika moja. Mzee Sabuni hakuwahi kumwona mkamwana wake uso kwa uso, lakini masika yale alimsikia akilia nyuma ya ukuta wa miti na udongo, na yeye upande wa pili hakuwa na ruhusa hata ya kwenda kumpa pole. Alikaa pale akichonga mpini wa jembe. Alichonga mpaka mpini ukawa mwembamba kama kijiti cha kusukia ukili, ukawa haufai tena.

Kwa hiyo mwaka ule Jumbe Gwakisa alipowaita wanaume, baada ya vita vya Hitla kwisha kitambo, akasema serikali inataka mtu mmoja ajuaye kusoma, aende Tukuyu kufundishwa elimu ya afya, Mzee Sabuni alisimama kabla ya kuulizwa.

"Wewe?" Jumbe akashangaa. Walikuwa wa rika moja, walichunga pamoja. "Wewe na mvi hizo? Wanataka kijana."

"Vijana wako chini ya ardhi wanachimba shaba. Umebaki na mimi."

"Unajua kusoma?"

"Polepole."

"Polepole namna gani?"

"Neno nikilianza, nalimaliza."

Watu wakacheka, lakini hakuna mwingine aliyesimama. Basi akaenda.

Huko Tukuyu wanafunzi walikuwa mchanganyiko: makarani wawili watatu, mwinjilisti mmoja, vijana wenye soksi ndefu, na yeye. Kwenye kujiandikisha alitaja Amoni Kibona, akaliacha jina lake la kweli mlimani, maana alijua vijana wenye soksi wangemfanya wimbo.

Mwalimu wao alikuwa Bwana Yonasi, kijana aliyetoka mbali, upande wa Bukoba, mpole lakini mkali wa kanuni. Alianza kwa kuwaambia kwamba zamani afya ililetwa na mkaguzi mwenye fimbo: choo hakuna, faini, choo kichafu, faini. "Matokeo yake nini?" akauliza. "Watu walichimba vyoo, wakavifagia, wakavipamba, wakaendelea kwenda kichakani. Choo kikawa cha mkaguzi. Sisi hatutakwenda na fimbo. Tutakwenda na swali." Kisha akaandika ubaoni, akapiga mstari chini yake: NENO LISILOTOKA KINYWANI MWA MWANAFUNZI HALIJAINGIA KICHWANI MWAKE.

Mzee Sabuni aliyapenda maneno yale. Alijifunza kuhusu maji ya kuchemsha, inzi, minyoo, choo cha shimo na kifuniko chake. Alijifunza pia ubaya wa wazee kunywa pombe ya ulezi kwa kupokezana mrija mmoja, na somo hilo aliamua kulisahau kabla ya kuvuka mto Kiwira.

Kulikuwa na shida moja tu. Kila mara Bwana Yonasi aliposema "sabuni," mzee aliitika.

"Baada ya kutoka chooni, mikono inaoshwa kwa maji na sabuni."

"Naam!"

"Vizuri, Mzee Amoni. Na kabla ya kumlisha mtoto, tunatafuta nini? Sabuni."

"Naam!"

Hakukusudia. Mtu aliyeitwa jina moja miaka hamsini, kinywa chake hakiulizi ruhusa. Bwana Yonasi akaona huyu mzee ana moto wa elimu. Aliwaambia wengine, "Mwigeni Mzee Amoni. Somo la sabuni limemwingia mpaka mifupani." Vijana wenye soksi wakamwonea wivu.

Kozi ilipokwisha hawakupewa vyeti. Bwana Yonasi alisema cheti kitafuata mtihani, na mtihani utafanyika nyumbani kwa kila mtu. Wafundishe mama wenye watoto wadogo. Baada ya mavuno atakuja mwenyewe, atawauliza wale mama, na jibu litoke vinywani mwao. "Na mwalimu asitie neno wakati wanafunzi wanaulizwa. Akitia neno, mtihani umekufa. Na mtihani ukifa, hafundishi tena. Tutatafuta mtu mwingine, pengine katika kozi ijayo, pengine miaka ijayo."

Miaka ijayo! Tupokigwe alikuwa amejifungua tena. Enoka alikuwa amekuja likizo, akarudi Kopabelti, na mtoto wa pili, Tuntufye, alikuwa na miezi ya kutambaa, anaokota kila kitu na kukipeleka kinywani. Mzee alirudi mlimani akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata.

Somo la kwanza aliliita uwanjani, mbele ya kanisa. Mkewe, Ikupa, alipita nyumba kwa nyumba akiwaalika mama wenye watoto. Wakaja wengi. Wakakaa, wakanyonyesha, wakapiga soga. Mzee akatokea nyuma ya kanisa amevaa koti la kozi, akakohoa kusafisha koo.

Kile kikohozi! Uwanja ulifagiwa. Mama walinyakua watoto, mmoja akanyakua asiye wake, wakaingia migombani kama kware. Mzee alipofika mbele akakuta vigoda, khanga moja na mbuzi.

"Walikuwepo," Ikupa akasema.

"Nimesikia wakiondoka."

"Baba Enoka, ulitegemea nini? Wote ni wakamwana wako. Aliyebaki hapa asiye mkamwana wako ni mimi, na mimi sinyonyeshi."

Akakaa juu ya kigoda, akamtazama mbuzi. Tukuyu walimfundisha kwamba mwalimu amtazame mwanafunzi usoni. Walimfundisha amwite kwa jina, na yeye amwite mwalimu kwa jina. Kila kanuni ya kozi ilikuwa mwiko wa nyumbani.

Akajaribu kufundisha akiwa amewapa mgongo. Hawakuja, mgongo nao ni wa mkwe. Akajaribu kumtuma Ikupa aseme badala yake, lakini Ikupa alikuwa na fikra zake, na alipofika kwenye minyoo aliongeza hadithi ya shangazi yake mpaka mama watatu wakaapa hawatakula tena. Hapo ndipo mzee alipokumbuka jiko la mkewe, lile lenye dirisha.

Kuta za jiko zilikuwa nzima, na sauti ya mkwe kupita ukutani si kosa. Watu hukaa vyumba viwili vya nyumba moja wakasikiana. Aliingia ndani, akafunga mlango. Wanawake wakakaa nje chini ya ukingo wa paa, wamechanganyikiwa kidogo. Akawafundisha kwa sauti. Maji, wakaelewa. Inzi, wakaelewa. Lakini alipofika kwenye kunawa, akakwama, maana kunawa hakusimuliwi, kunaonyeshwa. Akafikiri. Kisha, bila taarifa, mikono miwili ikachomoza dirishani.

Wanawake wakapiga yowe, wakasimama.

"Kaeni!" Ikupa akawaambia. Aliye mwamuzi wa mambo ya heshima katika ukoo ule alikuwa yeye, na wote walimtazama. Aliikagua ile mikono, akaigeuza kama anayenunua viazi. "Mkwe ni uso," akasema mwishowe. "Mkwe ni jina. Mikono haina jina. Kaeni."

Wakakaa. Na tangu siku ile elimu ya afya ya Bundali ikawa ni mikono miwili mikavu iliyotoka ukutani bila mwenyewe. Ilijipaka povu, ikasuguana viganja, ikaingia katikati ya vidole, ikapinduka nyuma, ikanyooshwa kumiminiwa maji. Watoto waliiogopa juma la kwanza, juma la pili wakawa wanaipa mahindi. Tuntufye aliizoea kuliko wote. Alisimama kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa ameshika kidole cha dirishani, na nje wanawake wakapiga vigelegele, na ndani mtu mmoja alipenga kamasi kwa muda mrefu.

Mtoto yule hakuhara masika yale. Wala wenzake wengi. Lakini cheti hakitolewi kwa matumbo, kinatolewa kwa vinywa.

Bwana Yonasi alifika baada ya mavuno, siku ya manyunyu ya Bundali, yale yasiyonyesha wala kuacha. Alikuwa amepanda mlima tangu asubuhi, soksi zake nyeupe zimekuwa rangi ya kahawa. Alipoingia uani, akakuta wanawake wamekaa safi na watoto wao, lakini hakuna mwanaume.

"Karibu sana, bwana mwalimu!" sauti ikasema.

Akageuka. Hakuna mtu. "Nani huyo?"

"Jumbe Gwakisa."

"Uko wapi, Jumbe?"

"Nyuma ya ghala la mahindi."

"Mbona umejificha?"

"Sijajificha, bwana. Nimekaa kwa heshima."

"Na Mzee Amoni?"

"Niko jikoni, bwana mwalimu!" sauti nyingine ikasema, na mikono miwili ikatoka dirishani ikampungia.

Bwana Yonasi alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Alikuwa ameambiwa habari za nchi hii, kwamba wakwe hawaonani, lakini kuambiwa si kuona. Akasema haya, kila mahali na njia zake, mradi elimu ifike. Akaketi. Akatangaza kanuni: mwalimu sasa anyamaze. Akitia neno hata moja, mtihani umekufa.

Mikono ikajikunja dirishani, ikatulia.

Mambo yalikwenda vizuri. Maji yanafanywaje? Yanachemshwa, yanafunikwa. Choo kinafanywaje? Kina mfuniko. Inzi anatoka wapi? Wanawake walijibu kwa zamu, Kiswahili chao kina lafudhi ya Kindali lakini kimenyooka. Tupokigwe alikuwa mbele, Tuntufye mapajani, akiwasaidia waliokwama. Bwana Yonasi akatabasamu. Akalihifadhi swali alilolipenda kuliko yote hadi mwisho, kwa sababu alijua hapo ndipo mwalimu huyu alipokuwa bingwa.

"Sasa. Mama ametoka chooni, anataka kumlisha mtoto. Anaosha mikono kwa maji na nini?"

Wanawake wakatazamana.

Akadhani hawakusikia. "Kwa maji na nini?"

"Kwa maji na mtelezi," akajibu mama mmoja.

"Mtelezi?"

"Mtelezi," wakaitikia wote, wamefurahi.

Bwana Yonasi akawaza kitu gani kinateleza. Kikamjia kimoja tu. "Mnaosha mikono kwa mlenda?"

"La, bwana! Mlenda tunakula."

"Basi mtelezi ni nini? Semeni kwa Kiswahili."

Wanawake wakatazama chini. Mmoja akaanza kusuka nywele za mtoto ambaye hakuwa na nywele. Kule dirishani mkono wa kulia ulipotea, ukarudi na kipande cha sabuni, ukakitikisa.

"Mzee Amoni, hakuna kuashiria!"

Mkono ukarudi ndani kama kichwa cha kobe.

"Haya," Bwana Yonasi akaendelea, na uso wake ulikuwa umeanza kuingia wingu, "labda nibadili swali. Kitu hiki mlifundishwa na nani? Mtajeni mwalimu wenu."

Hapo hata aliyekuwa anasuka akaacha. Swali la kwanza lilikuwa na jibu lisilotamkika, na swali la pili lilikuwa na jibu lilelile; hata lile la kanisani lilikuwa jina la mkwe.

"Hamjui kitu cha kuoshea, na hamjui aliyewafundisha?"

"Tunajua vyote viwili," Tupokigwe akasema. "Ila havitoki."

"Havitoki wapi?"

"Mdomoni."

Bwana Yonasi akasimama. Alihuzunika kweli; alikuwa amempenda mzee yule wa naam. "Mama," akasema, "mimi niliwaambia wanafunzi wangu wote: neno lisilotoka kinywani halijaingia kichwani. Nikiondoka hapa bila jibu, Mzee Amoni hafundishi tena. Sitaki, lakini ndiyo kanuni."

Nyuma ya ghala Jumbe akakohoa, akanyamaza. Angeweza kueleza, lakini kueleza maana yake kulitaja jina la mwenzake wa rika mbele ya wakamwana wakisikiliza, na cheo chake chote cha ujumbe hakikutosha kwa jambo hilo. Ikupa alikuwa mlangoni. Yeye naye hakuwahi kumwita mumewe kwa jina tangu harusi. Ndani ya jiko mzee aliuma kiganja chake. Kupitia ufa wa ukuta aliona kofia ya mwalimu ikiwekwa sawa kichwani, kama ya mtu anayeaga. Aliwaza mtu mwingine, katika kozi ijayo, pengine miaka ijayo. Aliwaza masika.

Tupokigwe alimtazama Tuntufye. Akaitazama ile mikono, ambayo ilikuwa imerudi dirishani yenyewe, mitupu, imelegea. Akafumba macho kama anayeruka mto.

"Sabuni!" akasema.

"Naam!" jiko likaitika.

Lo! Wanawake walifunika nyuso kwa khanga. Mmoja akasema "Yesu wangu" kwa Kindali. Jumbe alianguka kutoka alipokaa. Watu walisikia mahindi yakimwagika. Na mzee mle ndani akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini neno lilikwisha kutoka.

Bwana Yonasi alibaki na mguu mmoja hewani. Akalitazama dirisha. Akamtazama Tupokigwe. Zikaanza kumrudia kichwani, moja baada ya nyingine, zile naam zote za Tukuyu, na yale maneno yake mwenyewe, mwigeni Mzee Amoni, limemwingia mpaka mifupani.

"Kumbe," akasema polepole, "kumbe ulikuwa unaitika?"

Dirisha halikujibu. Lilikuwa limekatazwa.

Basi Bwana Yonasi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, pale pale kwenye tope, soksi na yote. Wanawake wakaanza kucheka naye ndani ya khanga, na nyuma ya ghala Jumbe akacheka kwa sauti ya mtu aliyefukiwa. Walipochoka, Jumbe akauliza:

"Bwana mwalimu, mtihani ni mzima au umekufa?"

Bwana Yonasi akapangusa macho, na kicheko kikamtoka usoni. "Umekufa, Jumbe. Jibu ni sahihi, lakini mwalimu ametia neno. Nimesema hata moja."

"Hakutia neno," Tupokigwe akasema.

Akasimama, mtoto begani. Sasa alikuwa amekwisha vunja mwiko mkubwa, hakuna mdogo uliomtisha. "Bwana mwalimu, kutia neno ni mtu kujisemea mwenyewe. Huyu ameitwa, ameitika. Kwenu Bukoba mtu akiitwa anafanya nini?"

"Anaitika," Bwana Yonasi akakubali.

"Kwetu pia. Asiyeitika ni kiziwi au ana kiburi, na wewe hukumfundisha kiburi. Tena ulitaka neno litoke kinywani mwa mwanafunzi. Limetoka. Wewe neno hilo unalipata bure dukani. Mimi limenigharimu kuku."

"Kuku wa nini?"

"Mkamwana akilitaja jina la mkwe, hutoa kuku," Ikupa akaeleza kutoka mlangoni. Alikuwa anajaribu kuwa mkali, lakini mdomo ulikuwa unamponyoka kwa kicheko. "Na kuku huyo atatoka. Ulimi umeteleza, mwanangu. Si ajabu, umeshika mtelezi."

Bwana Yonasi akasimama, akajikung'uta tope bila mafanikio. Alikuwa mtu wa kanuni, na alipima jambo lile kwa kanuni, kwa haki, huku manyunyu yakimtiririka puani. Kuitwa na kuitika. Mwishowe akaenda dirishani.

"Mzee Amoni, toa mkono."

Mkono ukatoka kwa woga. Akaushika, akaupa heko kwa kuutikisa sana. "Umefaulu," akasema. "Sasa unaweza kusema."

 Mle ndani kulitoka kupenga kamasi tu.

Cheti kilikuja kutoka Tukuyu kabla ya mvua za kupandia, kwenye fremu, kimeandikwa kwa herufi za kupendeza: Amoni Sabuni Kibona, Mwalimu wa Elimu ya Afya. Bwana Yonasi aliliongeza lile jina la katikati kwa heshima, hakujua analeta kazi. Maana sasa Tupokigwe anajua kusoma, na wenzake wawili watatu wanajua kusoma, na jina la mkwe lipo ukutani linawatazama. Kila wakamwana walipokuja kumsaidia Ikupa kazi, Ikupa alikigeuza cheti kikatazama ukuta. Wakiondoka, anakigeuza tena. Katika uhai wake wote cheti kile kiliutazama udongo kuliko kilivyowatazama watu, na mzee alisema haidhuru, udongo nao usome.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kuku alitoka Jumapili iliyofuata mtihani. Tupokigwe alimpika mwenyewe kwa ndizi, akamfunika, akambeba mpaka jikoni kwa mama mkwe. Mzee alikuwa ndani, mlango umefungwa, anasubiri kwa adabu. Sahani ikawekwa kwenye kigoda chini ya dirisha. 

Mikono miwili ikatoka. Haikugusa chakula. Ilikunjuliwa, viganja juu, ikasubiri.

Tupokigwe akacheka peke yake. Akachukua kibuyu cha maji, akachukua na mtelezi, akaanza kuiosha mikono ya mwalimu wake: viganja, katikati ya vidole, nyuma ya mkono, na kucha, hasa kucha, kama alivyofundishwa.